Naomba ushauri: jamii mbili zinashona mfarishi mmoja, nifanyeje zizoeane?

Mleta uzi
Wakuu, salaam. Naratibu kikundi cha ushonaji wa mkono chenye watu wa jamii mbili zinazoishi jirani: wenyeji, na familia zilizohamia baada ya kukimbia vita. Hawagombani, ila hawajazoeana. Wanasalimiana, basi, kila mtu na njia yake. Tukakubaliana tushone mfarishi mmoja wa viraka, yaani tandiko la vipande vya vitambaa vilivyounganishwa, kila mmoja alete kitambaa kutoka kwake.

Sasa wenyeji wanaojua kushona wameshika usukani, wageni wanatungishwa uzi kwenye sindano. Meza mbili, lugha mbili. Na kuna mama mmoja mgeni alileta nguo ya marehemu mama yake, akaikunjua mezani, kila mtu akaisifu. Mkasi ulipotolewa tu, akaikunja na kuirudisha kwenye mkoba. Tangu hapo hajashika sindano. Naumia sana, maana kwa namna alivyokuwa akiipapasa ile tarizi ya shingoni, nadhani anajua kushona kutushinda wote. Nisaidieni, sitaki kazi hii iishie kwenye picha ya pamoja.

BandiKwaBandi
Pole, dada. Hapo tatizo ni vipimo. Kazi ikianza kwa rula na mkasi, anayevijua ndiye bosi. Jaribuni ushonaji wa Wasiddi wa Karnataka, India, watu wenye asili ya Afrika. Mfarishi wao unaitwa kawandi. Hawakati viraka vya saizi moja. Wanatandika kitambaa cha chini, wanaanza pembeni na kuzunguka kuelekea katikati, kila kiraka kikipandishwa kidogo juu ya mwenzake, upindo unakunjwa kwa kidole na kupigwa bandi (mshono wa kupitisha sindano juu na chini) papo hapo. Kwenye kona wanashonea vipande vilivyokunjwa, maua yake hayo.

Nyinyi mnaweza kukaa wanne, kila mtu upande wake, mwenyeji akitazamana na mgeni. Kadiri mnavyoingia katikati ndivyo magoti yanavyogusana. Hapo mtu analazimika kusema "sogea", "nishikie", "mkasi", na lugha inaanzia hapohapo.

FundiWaBitana
Mkuu hapo juu, kawandi ni nzuri, ila watu wasiozoeana wanahitaji pia mahali pao pa kujificha. Mfarishi wa kuwakumbuka waliokufa kwa UKIMWI kule Marekani ulitandazwa Washington mwaka 1987 ukiwa na paneli 1,920. Kila paneli ni kama sentimita 90 kwa 180, na ndani yake mshonaji anaweka atakacho. Kipimo kimoja, mengine ni yake. Hakuna aliyemsahihisha mwenzake.

Mimi ningeanza na viraka vya sentimita 30, na sentimita moja ya ziada kila upande kwa ajili ya mshono. Mtu akashone nyumbani kwa utulivu, kisha mkutane kuunganisha. Halafu tafadhali fueni vitambaa vyote kabla. Chekundu kipya kikichuja juu ya kazi ya mtu mwingine, mtakuwa na kesi ambayo hata mkalimani hataiweza.

Mama Tarizi
Mimi naongea habari ya huyo mama tu. Msiikate nguo yake, na asiombwe tena. Mwendee wewe mwenyewe, kaa upande wake, mpe kitambaa kitupu na uzi, umwombe akuoneshe ule mshono wa shingoni. Wenyeji wakija mmojammoja kuangalia, waacheni wajifunze kwake. Siku akitaka nguo iingie kwenye mfarishi, ishikizeni nzima kwa bandi ndefu ambazo zinafumuka bila kuacha alama.

Jambo jingine: Wahmong waliokimbia Laos baada ya 1975 walitarizi kwenye kambi za Thailand picha za maisha ya kijijini, vita, na watu wakivuka mto Mekong. Ni kazi nzito na nzuri. Lakini kwenu yupo atakayetaka kushona njia aliyopita, na yupo atakayetaka ua tu. Usimwagize mtu ashone msiba wake.

Mleta uzi
Asanteni sana, nimeguswa. Naanza na Mama Tarizi, kisha pande nne. Swali moja: mfarishi ukiisha utakuwa wa nani?

BandiKwaBandi
Amueni kabla ya sindano ya kwanza, kwa lugha zote mbili, na muandike. Mkiweza shoneni miwili kwa pamoja, kila jamii ikae na mmoja.

Mama Tarizi
Naunga mkono. Ongezeni hapo kwamba haunadiwi wala hautolewi zawadi kwa mgeni rasmi bila wote kukubali. Na ruwaza aliyofundisha mtu isishonwe kwa biashara mpaka mwenyewe aridhie. Wageni wako wameshapoteza mengi, dada, hili liwe lao kwa maandishi.

FundiWaBitana
Na majina yatariziwe upande wa nyuma, kila mtu kwa mkono wake, hata waliotunga uzi tu.