Mjadala: Ni sawa Bunge limnyime mtu dhamana kabla hakimu hajamsikiliza?

Wakuu habari zenu. Mimi ni wakili, miaka 30 na ushee sasa nasimama mahakamani, karibu yote kwenye jinai. Wanasiasa nimewaona wakipita kizimbani wa kila rangi, na imani nayo nimekutana nayo pale pale maana sijaona mahali watu wanasali kama kwenye korido ya mahakama asubuhi ya siku ya kesi. Leo nataka tujadili jambo moja tu, makosa yasiyo na dhamana. Je ni sawa Bunge likae Dodoma liseme ukishtakiwa kwa kosa fulani basi hakuna dhamana, hakimu asiulizwe kitu, uwe nani, ushahidi uwepo usiwepo? Mimi nasema sio sawa. Naeleza, halafu nipingeni.

Kwa ambao hawajapitia hayo, kwenye Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kuna kifungu tulichozoea kukiita 148(5), toleo jipya la sheria limebadilisha namba lakini sisi wazee bado tunakiita hivyo. Kinataja mauaji, uhaini, unyang'anyi wa kutumia silaha, ugaidi, utakatishaji fedha (yaani kuzipitisha fedha za uhalifu zionekane halali) na mengine kadhaa. Ukisomewa mojawapo unaenda rumande moja kwa moja. Halafu mahakama unayopelekwa kwanza mara nyingi haina mamlaka ya kusikiliza kesi yenyewe, unaambiwa usijibu chochote, kinachofanyika pale ni kesi kutajwa kila baada ya siku 14. Wakili wa serikali anasimama anasema upelelezi haujakamilika tunaomba tarehe nyingine, tarehe inatolewa, unarudi kwenye karandinga. Wiki mbili zijazo ni hivyo hivyo, na mwaka ujao ni hivyo hivyo.

Nilikuwa na mteja, mtunza stoo wa kampuni moja, simtaji. Mzigo ulipotea, mabosi wakakamatwa na yeye akaunganishwa, shtaka la wizi likaongezewa utakatishaji fedha. Hapo ndio pa kuangalia. Wizi peke yake una dhamana hata kama masharti ni magumu, kwenye uhujumu uchumi unaweza kuambiwa uweke nusu ya thamani ya mali inayodaiwa kuibiwa, lakini angalau mlango upo. Ukiongeza neno utakatishaji mlango unafungwa, na anayeliongeza ni mwendesha mashtaka, kwa kalamu yake, hakuna hakimu anayemuuliza una nini mkononi. Yule kijana alikaa miaka minne kasoro. Siku kesi ilipofutwa nilimsindikiza mwenyewe mpaka kwake. Binti aliyemwacha ananyonya akamwamkia shikamoo kisha akaenda kujificha nyuma ya mama yake. Hakuna aliyemwambia pole kwa niaba ya serikali, na kazi ilishapata mtu mwingine.

Katiba yetu ibara ya 13(6)(b) inakataza mtu aliyeshtakiwa kutendewa kama mwenye hatia mpaka ithibitike hivyo. Sasa miaka minne ya mahabusu tuiite jina gani?

Na msidhani mahakama hazijawahi kuliona hili. Mwaka 1991 kwenye kesi ya Daudi Pete, iliyoanzia kwa Jaji Mwalusanya kule Mwanza, Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Nyalali ilifuta kipande kimoja cha kifungu hiki hiki. Mei 2020 kwenye kesi ya Dickson Sanga Mahakama Kuu ikasema 148(5) kinavunja Katiba, sisi wa jinai siku ile tulipigiana simu kama watu waliopata mtoto, Agosti mwaka huo huo Mahakama ya Rufani ikatengua. Naiheshimu kama ninavyotakiwa kuiheshimu, ila heshima hainizuii kusema kwamba kwa hili naona ilikosea.

Sasa siasa. Masheikh wa Uamsho, kikundi cha Kiislamu cha Zanzibar, walishtakiwa kwa ugaidi 2014, wakatoka Juni 2021 baada ya mashtaka kufutwa. Freeman Mbowe, wakati huo mwenyekiti wa chama cha upinzani Chadema, alikamatwa Julai 2021, ugaidi, akatoka Machi 2022 Mkurugenzi wa Mashtaka (DPP) alipoiondoa kesi. Aprili 2025 Tundu Lissu, naye wa Chadema, akasomewa uhaini, dhamana hakuna. Sisemi nani msafi nani mchafu, hiyo ni kazi ya ushahidi. Ninachosema ni kwamba ukimpa mtawala yeyote, nasema yeyote, hata yule unayempenda wewe, uwezo wa kumfungia mtu kwa kuchagua tu jina la shtaka, siku moja atautumia. Nimeshakaa na watu waliopiga makofi sheria hizi zikipitishwa, na baadaye nikaenda kuwaona mahabusu. Mmoja aliniuliza kwa sauti ya chini, hivi kweli hakuna namna? Nilimjibu namna ilikuwepo mheshimiwa, mliiondoa wenyewe.

Naomba niseme la imani pia maana ndilo linaniumiza zaidi. Mimi ni Mkatoliki. Mnakumbuka Septemba 2019 Rais Magufuli alipotaka washtakiwa wa uhujumu uchumi walio tayari kuomba msamaha na kurudisha fedha wapewe siku saba, walioandika barua wakafika 467 na fedha walizoahidi zikawa shilingi bilioni 107.8, kisha zikaongezwa siku nyingine. Mwaka huo huo makubaliano ya kukiri kosa yalishaingizwa kwenye sheria. Watu wengi walifurahi, wakasema ni toba, serikali imekuwa na huruma. Lakini nilikuwa mle ndani kwenye vyumba vya kuonana na wateja. Wapo walioiba kweli na wakajuta kweli, hao sina neno nao. Ila wapo walionitazama machoni wakasema wakili sijafanya hiki kitu lakini mama yangu anaumwa, nina mwaka wa tatu humu, andika tu nimekiri nitoke. Nikaandika. Nimeandika barua kama hizo kwa mkono huu na Jumapili nimepiga magoti nikiwa sijui nimesaidia mtu au nimesaidia uongo. Kwenye kitubio tunafundishwa majuto kwanza, kisha kuungama, kisha malipizi. Hakuna padri anayefunga mlango wa kanisa akasema hutoki mpaka uungame. Kwenye Matendo ya Mitume kuna liwali Feliki, alimweka Paulo kifungoni miaka miwili akitumaini atapewa fedha, akawa anamwita mara kwa mara wanaongea. Kila nikisoma hapo nafunga kitabu.

Najua hoja ya upande wa pili na sitaki kuikimbia. Mtasema wakili, muuaji akirudi mtaani je, mashahidi watatishwa. Ni kweli wanatishwa. Nilishasimama upande wa familia kwenye kesi ya kujeruhi, mama muuza chakula alikatwa panga, mshtakiwa akapata dhamana na kila jioni akawa anakuja kukaa kwenye benchi mbele ya kibanda cha yule mama. Hasemi neno, anakaa tu. Mama alihama mji, kesi ikafa. Mpaka leo najilaumu kwamba sikuwahi kuomba sharti la kumzuia asisogee eneo lile. Kwahiyo sisemi kila mtu aachiwe. Nasema hakimu amsikilize, upande wa mashtaka uje na sababu, kuna shahidi anatishwa, huyu ana pasi mbili za kusafiria, huyu alishatoroka, na hakimu akiona hatari amnyime na aandike kwanini, ili mtu aweze kukata rufaa. Kenya wanafanya hivyo tangu Katiba ya 2010, ibara ya 49, hata wa mauaji anaweza kupata dhamana isipokuwa kuwe na sababu nzito. Wanalalamika nao, kuna wanaotoroka, lakini hawajarudi nyuma.

NYONGEZA baada ya kusoma michango yenu ya jana:

Kuna ndugu kaandika "waathirika ndio wanaofungwa maisha, nyie mawakili mnatetea mnaowalipisha". Ndugu yangu nimekusoma na nimekuelewa, inaonekana umeumizwa na pole sana. Lakini aliyekuumiza akikaa mahabusu miaka mitano na kesi haijaanza, mashahidi wako wamekufa na wengine wamesahau, nawe haki hujaipata. Upelelezi usiokamilika unakunyima wewe pia.

Dada mmoja kauliza kama ni lazima tufute kifungu chote au kuna njia ya kati. Ipo. Uganda, kwa makosa yanayosikilizwa na Mahakama Kuu peke yake, mtu akimaliza siku 180 rumande kesi yake haijapelekwa kusikilizwa, Katiba inataka aachiwe kwa masharti. Sisi tukiweka ukomo kama huo, hata tusipofuta kitu kingine chochote, mwendesha mashtaka atafikiri mara mbili kabla ya kuandika utakatishaji kwenye hati ya mtunza stoo. Mabadiliko ya 2022 yaliyotaka upelelezi ukamilike kabla ya kumfikisha mtu mahakamani yalikuwa mazuri, ila makosa makubwa yakawekwa pembeni, na watu ninaowasemea hapa ni hao hao.

Waliowahi kukaa rumande kesi ikafutwa, kama mnaweza andikeni mlikaa muda gani na mlivyotoka mlikuta nini nyumbani. Majina msiweke. Na mahakimu mlio humu kimya kimya, mngependa mpewe uamuzi huu au mnaona afadhali sheria iwabebee lawama?