Wa miaka mitatu anajibwaga chini njiani, ni malezi yetu au ndo alivyo?

Mama Nasra, Ngamiani
Jamani wenzangu naombeni msaada, mwanangu katimiza mitatu juzi juzi, nikipita nae kwa muuza ubuyu nikimwambia leo hapana anajibwaga chini anajigaragaza vumbi lote lake, watu wananiangalia basi namnunulia tu yaishe. Wiki hii kamng'ata mtoto wa jirani mpaka meno yakaonekana. Baba ake akisikia anamtandika kandambili, bibi ake anamficha kwenye kanga anampa mia mbili. Tunakosea wapi?

Mgosi wa Makorora
Bibi ndo mwenye kesi hapo 😂 ila dada kandambili sio mbaya, sie tumechapwa na tumekua

Mwalimu wa chekechea
Mgosi tumekua ndio, ila huyo kashang'ata mtu, na nyumbani anaona mkubwa akikasirika anapiga, sasa yeye mkono wake mdogo kaona atumie meno. Mama Nasra usiogope sana, umri huo wa miaka miwili mitatu ndo wanapiga na kung'ata kuliko wakati wowote, wengi wanaacha wenyewe. Ila hiyo ya ubuyu iangalie. Kulikuwa na Mmarekani mmoja, mtaalamu wa saikolojia, akiitwa Gerald Patterson, yeye na wenzake kule Oregon walikuwa wanaingia majumbani kwa watu wanakaa wanaandika tu nani kafanya nini, na walichokiona ndo hicho chako: mzazi anakataa, mtoto analia, mzazi anafoka, mtoto anazidisha, mzazi anachoka anatoa. Mtoto kapata ubuyu, wewe umepata kimya, wote mmeona imelipa, kesho anaanzia pale pale alipoishia. Na sio kosa lako peke yako, kuna watoto wanazaliwa wakali, ukali wao unamfanya hata mzazi mpole awe mkali. Mwambie kabla hamjatoka, ubuyu ni Ijumaa, na Ijumaa mpe kweli. Akijibwaga simama pembeni kimya, akinyamaza msifie hapo hapo. Siku za mwanzo atalia zaidi, ukilegea hapo umemfundisha kulia zaidi.

Mgosi wa Makorora
Na bibi je?

Mwalimu wa chekechea
Bibi akae kikao na nyie, mia mbili aitunze mpaka Ijumaa.

Mama Nasra, Ngamiani
Leo nimejaribu, kalia toka kwa muuza ubuyu mpaka mlangoni kwetu, sikutoa. Kanyamaza mwenyewe kaomba maji. Baba ake kasema sawa, ataiacha kandambili. Bibi ndo kanuna, chai ya jioni kagoma.