Mrejesho: kishindo cha mbele kilikuwa shokapu

Wakuu, habari zenu. Wiki tatu zilizopita niliuliza kuhusu gari yangu: ikivuka tuta inanesa kama mashua, nikishika breki pua inazama, na mbele kushoto kuna kishindo. Wengi mlisema nikague shokapu (kifaa kinachotuliza mneso wa springi) kabla ya kununua boljointi (kiungo cha chuma kinachoshikilia gurudumu). Asanteni sana, mlikuwa sahihi.

Nilikandamiza bodi juu ya kila gurudumu kisha nikaachia, kama mlivyoelekeza. Kulia ilipanda ikatulia. Kushoto ilinesa mara tatu. Nikainama na tochi: shokapu imelowa oili, vumbi la njia ya Pangani limegandia hadi chini, na mpira wa kukinga vumbi umechanika wote. Tairi nalo ukilipapasa lina mabonde mabonde.

Gereji moja hapa Ngamiani, Tanga, walitaka kubadilisha upande mmoja tu. Nilikataa, mpya na iliyochoka zikikaa pamoja mbele, gari haitulii kwenye kona wala breki. Fundi wa Chumbageni alibadilisha zote mbili pamoja na mauntingi za juu (vishikio vinavyofunga shokapu kwenye bodi). Nilipenda subira yake: alibana springi inayozunguka shokapu kwa vibanio viwili kwanza, ndipo akafungua nati ya juu. Springi isipobanwa, nati ikitoka inafyatuka na inaweza kuua mtu. Hapo msikubali haraka hata kidogo.

Kisha nikapima alaimenti (mkao wa magurudumu). Jana nimempeleka mama Muheza, amelala njia nzima. Tairi la kushoto bado linavuma kwa yale mabonde, nitalibadilisha mwisho wa mwezi.