Huyo mwalimu wa kwaya wa Ukraine aliyebaki Marekani ni nani?

besi_wa_jinja: Jamani, juzi mazoezini mwalimu katuletea wimbo wa Krismasi, noti nne tu zinajirudia, sauti ya kwanza wanaanza kidogokidogo halafu sisi besi tunaingia kama ngoma. Kasema uliletwa Marekani na mhamiaji wa Ukraine. Nani huyo?

mzee_wa_solfa: Oleksandr Koshetz huyo, ssebo. Kazaliwa 1875. Mwaka 1919 serikali ya Ukraine ilimtuma Ulaya na kwaya ili watu wajue kuna nchi inaitwa hivyo, yaani ubalozi kwa kuimba, sasa wakiwa huko nje Wabolsheviki, wale wakomunisti wa Urusi, wakachukua nchi, basi kurudi ikawa shida. Oktoba 1922 wakauimba huo wimbo ukumbi wa Carnegie Hall, New York. Akabaki hukohuko, akafia Winnipeg, Kanada, 1944, alikuwa anaenda kufundisha waongoza kwaya.

dada_alto: Naongezea, ule si wa Krismasi! Unaitwa Shchedryk, wa mwaka mpya, mbayuwayu anaingia nyumbani anamwambia mwenye boma atoke aone wanakondoo wake. Kwa Kiingereza unaitwa Carol of the Bells, na hizo kengele zililetwa na maneno ya Kiingereza ya Peter Wilhousky, 1936. Mtunzi aliyeupangia sauti, Leontovych, alipigwa risasi Januari 1921, hata hiyo New York hakuisikia. Mimi hapo ndo huwa naishiwa nguvu.

besi_wa_jinja: Kumbe mbayuwayu! Webale nyo dada. Jumamosi namuuliza mwalimu kama tunaweza kuimba ule wa mbayuwayu, ingawa hicho Kiukraine nani atatufundisha kutamka sijui.