Kanuni ndo imekuwa UBAO WA PASI?? Na leseni tunalipa!!!

MtotoWaMalindi
Jamani naandika huku mikono inanitetemeka, chai imepoa na wala siitaki. Mnamjua yule, sina haja ya kumtaja, yule mtangazaji wa BBC huku Uingereza anaecheka kabla hajasema kitu, kila Jumamosi lazima atuharibie usiku.

Wiki nzima wanatangaza kuwa kwenye kile kipindi chao cha sanaa cha saa nne watakuwepo wapiga taarab kutoka Unguja. Mie nikaingia kichwakichwa. Nikapika kalimati, nikamwita na jirani yangu, bibi wa Kizungu mlango wa pili, nikamwambia njoo leo uone mambo ya kwetu. Kochini tangu saa moja. Tukala dansi, watu wamepakwa rangi kama papa wa kukausha. Tukala chemsha bongo. Tukala na mtu mzima analia kwa sababu keki yake imetitia katikati, analia kama kafiwa. Kalimati zikaisha nikakaanga nyengine.

Saa nne na dakika arubaini ndo wanaingia. Mzee kakaa na kanuni yake mapajani, ile ala ya nyuzi ya taarab, keshavaa zile pete kwenye vidole vya shahada, anazisawazisha nyuzi moja moja. Zile nyuzi zaidi ya 70 si mchezo, kila sauti ina nyuzi tatu, zikipishana kidogo tu unasikia kama jino linauma. Nikamkumbuka marehemu ami yangu, alikuwa haturuhusu hata kupita na kikombe cha maji karibu na ya kwake.

Sasa yule mtu akainama, akaitazama, akasema eti hii si ndo kama ubao wa kupigia pasi uliotiwa nyuzi? Akacheka. Ukumbi mzima ukacheka. UBAO. WA. KUPIGIA. PASI.

Jirani yangu akanigeukia, kwa upole kabisa, akasema aah kweli, mimi ninao kama huo.

Wallahi nilitamani sakafu ipasuke. Halafu wakawapa dakika moja, nimehesabu, mwimbaji hata kinywa hajafungua wakakatishwa, tukapelekwa kwa mtu na mbwa wake anaepiga piano. Mbwa kapewa dakika sita!! Mji wenye kikundi cha taarab cha Ikhwani Safaa tangu 1905, Siti binti Saad kaenda Bombay kurekodi santuri 1928 wao televisheni yao hata haijaanza, leo mbwa anatushinda. Ubao wa pasi!

Nimeandika malalamiko nikafuta mara tatu, kila nikifika pale kwenye pasi naandika matusi.

Kidumbaki77
Pole sana yakhe, nami nilikuwa naangalia, nilizima nikalala na nguo za kazini. Hawa Waingereza Proms yao, lile tamasha la muziki wa okestra, wanaipiga pale Royal Albert Hall tangu 1941, ushawahi kusikia mtu kasimama akaita tuba bomba la choo? Kinubi kikaitwa geti la bustani? Na lile zumari la Waskochi ambalo ni kuku anakabwa ndani ya mfuko, hapo wote wanasimama wima wanafuta machozi.

Nyali_Boy
Malindi gani kwanza, yetu ama ya Unguja?
Pili usikasirike lakini nimetafuta picha ya hiyo kitu na kusema ukweli inafanana na ubao wa pasi bana 😂😂 hata ule upande mmoja umekatwa mshazari

MtotoWaMalindi
Nyali_Boy nenda kalale. Malindi ya Unguja. Na haifanani!!

Mzee_wa_Antena
Mimi nilifungua uzi nikijua ni kanuni za barabarani, nimefeli mtihani wa udereva mara nne hapa nikasema afadhali leo nasaidiwa.

Sheria_Ndogondogo
Ngoja kwanza mkuu. Wewe UNALIPA leseni ya televisheni? Ile waliyoipandisha Aprili 2025 ikawa paundi 174.50? Halafu unalia na ubao wa pasi? Tatizo lako sio mtangazaji mkuu, tatizo lako ni hesabu. Redio haina leseni, sikiliza redio.

Shangazi_Barking
Wewe Sheria usimcheke mwenzio, siku wakikugongea mlango tutakuchangia faini hapahapa. Mimi mama mkwe wangu ana miaka 81, zamani waliofika 75 wote walikuwa bure, tangu Agosti 2020 lazima uwe unapata ile ruzuku ya pensheni, yeye kaizidi kwa vijipesa tu, analipa kama kijana. Na anachoangalia ni watu wanaouza makabati ya marehemu wazazi wao basi. Huo ndo ungekuwa uzi, siyo kanuni.

Kidumbaki77
Watu wenyewe wanaochekea ala za wenzao ndo hao kwenye mashindano ya nyimbo ya Eurovision ya 2021 pale Rotterdam walipata SIFURI kwa majaji na SIFURI kwa watazamaji. Bara zima limekaa likakubaliana.

Nyali_Boy
Hiyo sifuri niliiona live, nilicheka mpaka landlodi akapiga ukuta. Lakini yule jamaa aliimba huku anatabasamu mpaka mwisho, heshima yake.

MtotoWaMalindi
Jamani turudi kwenye mada. Alisema UBAO WA PASI mbele ya mzee mwenye kofia ya kiua, na yule mzee akatabasamu maana hakuelewa. Hilo ndo linaniuma.

Bint_Ruwi
Salamu kutoka Maskati. Huku kanuni mnazoziliria watu wanatundika ukutani karibu na saa. Mie ubao wa pasi ndo ala ninayoipiga kila siku, bwana ana kanzu 11 na pasi hajui inashikwa upande gani. Mguu wa ubao umelegea, nikiegemea unalala kama ngamia.

Shangazi_Barking
Bint huo usihangaike nao, utakuunguza. Chukua wenye miguu ya chuma, ile ya plastiki haifiki Ramadhani.

Mzee_wa_Antena
Mimi napiga pasi kitandani, godoro lina alama ya pasi kama ramani ya Afrika.

Sheria_Ndogondogo
Na kile kitambaa cha juu mnafunga vipi, changu kinateleza nabaki napiga pasi chuma tupu

Shangazi_Barking
Kuna vile vibanio vya lastiki unaweka kwa chini. Ila uanze na ubao imara.

MtotoWaMalindi
Wa jirani yangu ni imara kusema kweli, ulinusurika hata wajukuu wake. Kesho ntamuuliza kanunua wapi.