Kutafuta ubovu wa gari ni kazi, na nimechoka kuifanya bure

Ndugu zangu mafundi, na ninyi wenye magari mnaotukabidhi kazi, naandika nikiwa na hasira na sitaificha.

Wiki iliyopita nilipewa gari ambalo likiegeshwa Ijumaa, Jumapili haliwaki. Lilikuwa limekwisha kubadilishwa betri mbili mahali pengine. Asiyefanya kazi hii huenda hajui kwamba umeme unaovuja wakati gari limezimwa hautafutwi kwa haraka. Unaunga mita ya ampea kwenye waya wa hasi wa betri, unafunga milango, kisha unasubiri kompyuta zote za gari zilale, jambo linalochukua dakika chache kwa baadhi ya magari na nusu saa au zaidi kwa mengine. Ukisahau na kufungua mlango, zote zinaamka na unaanza upya. Gari lisilo na tatizo, likishalala, kwa kawaida huvuta miliampea 50 hivi au pungufu. Hilo lilikuwa likivuta karibu ampea nzima, yaani miliampea 1,000, kiasi cha kuimaliza betri ya ampea-saa 60 ndani ya siku mbili na nusu. Nilipima fyuzi moja baada ya nyingine bila kuzichomoa, kwa kuwa kuchomoa fyuzi kunaweza kuamsha kompyuta zilizolala na kuuficha uvujaji wenyewe, mpaka nikaifikia rilei moja, yaani swichi ndogo inayoendeshwa kwa umeme, ambayo mguso wake wa ndani ulikuwa umeganda. Utafutaji huo ulinichukua muda wa saa tatu na nusu. Kuibadilisha rilei kulichukua dakika mbili.

Mwenye gari aliishika ile rilei mkononi, akasema mbele ya wanagenzi wangu kwamba kwa kidude kama kile hatalipa zaidi ya bei ya kidude chenyewe. Yeye ningeweza kumsamehe, kwa sababu hakuwepo nilipokuwa nimeinama chini ya dashibodi. Kilichoniumiza ni msimamizi wa gereji, mtu aliyewahi kushika spana kwa mikono yake, kukubaliana naye na kuniandikia malipo ya nusu saa. Muda uliobaki alisema ni wa kujifunza. Nina miaka mingi katika kazi hii, na sikuwa najifunza. Nilikuwa nafanya kile ambacho mafundi wawili kabla yangu hawakukifanya.

Tazameni maana yake. Kama ningebahatisha, ningefunga betri ya tatu, ningelipwa siku hiyohiyo bila swali, na gari lingerudi baada ya siku mbili likiwa limekufa. Malipo ya namna hii humtuza anayebahatisha na kumwadhibu anayetafuta, halafu watu walewale huuliza kwa nini mafundi wanabadilisha spea hovyo. Ninyi mnaolipwa kwa saa za kitabu, yaani muda uliopangwa kwenye kitabu kwa kila kazi hata ikichukua zaidi, mnaijua aibu hii vizuri zaidi. Kitabu kinahesabu gari ambalo bolti zake zinafunguka. Bolti ya manifoldi ya ekzosi iliyoliwa na kutu ikikatikia ndani ya silinda hedi, ukalazimika kuitoboa taratibu ili usiharibu uzi, saa hizo ni zako na familia yako.

Tunaambiwa pia kwamba siku hizi mashine ndiyo inayosema. Ni kweli kwamba tangu modeli za mwaka 1996 kila gari jipya la abiria la petroli linalouzwa Marekani lazima liwe na tundu la kawaida la kusomea hitilafu, na nchi nyingi zikafuata utaratibu wa aina hiyo. Lakini someni kile ambacho mashine inasema. Msimbo P0300 unaeleza kwamba injini inamisi, yaani mafuta hayawaki ipasavyo ndani ya silinda, bila kuonyesha silinda moja mahususi. Hauelezi kama ni plagi zilizochakaa, koili, nozeli zilizoziba, mpira wa hewa uliopasuka, presha ya mafuta iliyoshuka au kompresheni iliyopotea. Kutoka kwenye msimbo huo hadi spea sahihi ni safari ya fundi, kwa akili yake, na safari hiyo ndiyo mnayokataa kuilipia.

Anayeidharau akili ya fundi hawezi kuulinda mwili wake, na hapa ndipo hasira yangu inapozidi. Katika gereji yetu tuko mafundi wanane na tuna jozi moja tu ya stendi, vile vyuma vya kulishikilia gari likishainuliwa kwa jeki. Wengine wanaingia chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake, ilhali jeki ya haidroli inategemea sili na valvu, na vitu hivyo vikishindwa havitoi taarifa. Vumbi la breki linapulizwa kwa kompresa ili kazi iende haraka. Umoja wa Ulaya ulikamilisha marufuku yake ya asbesto, madini ya nyuzinyuzi ambayo vumbi lake husababisha saratani, mwaka 2005, lakini kuna nchi ambako asbesto bado inatumika, na kwa macho huwezi kutofautisha lining yenye asbesto na isiyo nayo. Vumbi hilo linapaswa kuloweshwa na kuoshwa. Kuloweka kunahitaji ndoo, maji na dakika kumi, nasi tunanyimwa hizo dakika kumi.

Injini za dizeli zinawashwa ndani, milango ikiwa imefungwa wakati wa mvua, ingawa mwaka 2012 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliuweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu vinavyojulikana kwa hakika kusababisha saratani kwa binadamu. Injini za petroli nazo zinatoa kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu. Mwanagenzi wetu mmoja alilalamika kichwa kinamuuma na miguu inalegea baada ya kushinda nyuma ya gari lililokuwa likiunguruma, akaambiwa ni mvivu. Nilimtoa nje mimi mwenyewe. Kijana huyo hana jina katika gereji. Ni "spana boi", na atabaki spana boi hata akifikisha miaka 30.

Nilipoomba glavu, barakoa na stendi nyingine, nilijibiwa kwamba kila fundi anajitegemea kwa vifaa vyake, kama tunavyojinunulia spana zetu. Kuhusu spana tunaweza kubishana. Kuhusu usalama hakuna ubishi: Mkataba Namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unasema katika ibara ya 21 kwamba hatua za usalama na afya kazini hazipaswi kumgharimu mfanyakazi chochote. Mwezi Juni 2022 shirika hilo liliongeza mazingira salama na yenye afya katika haki za msingi za kazi, ambazo nchi wanachama zote zinawajibika kuziheshimu, hata zile ambazo hazijaridhia mkataba huo.

Ninachodai kiandikwe kwenye karatasi ya kazi ni mstari mmoja unaosema "kutafuta ubovu", wenye saa zake na malipo yake, na mwenye gari aoneshwe mstari huo kabla sijafungua boneti. Akiona ni ghali, aondoke na gari lake mapema, na hakuna atakayekuwa amemdanganya mwenzake. Ninadai pia jozi ya stendi kwa kila gari linaloinuliwa.

Ibara ya 13 ya mkataba huohuo inataka alindwe mfanyakazi anayejiondoa mahali ambapo ana sababu ya kuridhisha ya kuamini kwamba pana hatari kubwa na ya karibu kwa uhai au afya yake. Barua yangu yenye ibara hizo mbili nimeiacha mezani kwa msimamizi leo jioni, na nakala ninayo. Kesho asubuhi kuna giaboksi ya kushushwa, na jozi pekee ya stendi iko chini ya gari jingine. Sitaingia chini ya gari hilo, na wanagenzi wangu hawataingia.