Naomba ushauri: tupande nini kando ya Mto Mathare?

Hamjambo ndugu zangu. Kikundi chetu cha vijana hapa Mathare, Nairobi, kinataka kupanda miti kando ya mto, pale palipobomolewa nyumba baada ya mafuriko ya 2024, serikali ilipoamuru watu wahame ndani ya mita 30 kutoka mtoni. Wengi wanataka mikaratusi kwa sababu hukua haraka na nguzo zake zina soko. Mimi napinga. Mkaratusi hunywa maji mengi, na chini yake nyasi hazistawi, udongo unabaki wazi. Mvua kubwa ikirudi, nini kitashika ukingo? Napendekeza mianzi: mizizi yake hufungamana, na ukikata mabua yaliyokomaa, mizizi huchipua mabua mapya.

Lakini swali linaloninyima usingizi ni la mama mmoja aliyebomolewa: kwa nini mti upewe nafasi aliyonyimwa yeye? Sikuwa na jibu, na naona ana haki ya kuuliza.

Aliyewahi kusimamia mradi kama huu anisaidie. Mliwashirikishaje waliohamishwa? Na mianzi ya ukingoni huvunwa kwa kibali cha nani?